Mkono wa Tabita Haukufika Sikioni

Makambako, Jumamosi, Januari 1956

Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Nguo tulizorudi nazo kutoka Njombe zimetundikwa juu ya moto na bado zinachuruzika. Mimi nimekwisha kubadili nguo, lakini moyo wangu umelowa vilevile.

Nina wivu. Nauandika hivyo hivyo kabla sijaupamba. Ninamwonea wivu wifi yangu Rahel, dada wa mume wangu, aliyekuja likizo kutoka Rodesia ya Kaskazini, na wivu huu leo umenifikisha mahali ambapo sikujua wivu unaweza kumfikisha mtu.

Rahel alipoondoka hapa alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, hajui kuandika hata jina lake. Akaolewa na Mkinga mmoja wa Ipelele, mwanamume akaenda kwenye migodi ya shaba, naye akamfuata. Msomi wa ukoo nilikuwa mimi. Darasa la sita kwa wamisionari: kusoma, kuandika, kufuma sweta, kuimba sauti ya pili. Watu walikuwa wakiniletea barua zao niwasomee, nami niliwasomea kwa sauti ya mimbarani, nikitulia kwenye kila nukta ili wajue kwamba pale pana nukta.

Sasa Rahel amerudi na mtoto.

Festo wake na Tabita wangu walizaliwa msimu mmoja, wakati wa kuvuna ulezi. Mume wa Rahel amekwenda Ipelele kumjengea mama yake nyumba, Rahel na Festo wakabaki hapa kwetu. Jioni ile ya kwanza mtoto alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, akaimba wimbo wa Kibemba na mwingine wa Kiingereza. Akahesabu. Akatuambia jina lake, la baba yake na namba ya nyumba yao, kana kwamba tulikuwa tumemuuliza. Kisha akaomba maji anawe kabla ya kula, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Tabita alikuwa amesimama nyuma ya mlango, amekumbatia kuku.

Tabita anajua uyoga upi unaliwa na upi unaua. Anajua kufukuza ndege kwenye ulezi, na akibebeshwa mtoto wa jirani mgongoni hamwangushi. Lakini hakuna anayemsimamisha mtoto sebuleni ili wageni wamwone akifukuza ndege. Mume wangu alimcheka Festo mpaka akafuta machozi, akasema, “Huyu ni bwana mdogo kabisa.” Mimi nikaenda kuangalia viazi, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuiva zamani.

Tangu siku ile nilikuwa kama mtu mwenye jino bovu, ulimi hautulii. Kila jioni nilimchokonoa Rahel anieleze zaidi. Akanieleza. Kule kwenye kambi ya mgodi mtoto akizaliwa anapimwa uzito kila wiki, na mama asipompeleka wanakuja kumuuliza kulikoni. Wanagawa maziwa. Mtoto akifika miaka minne anakwenda nasare, ndivyo wanavyoiita, shule ya watoto ambao hawajang'oka hata jino moja. Kuna mwalimu mwanamke, Mwafrika kama sisi, aliyesomea kazi hiyo tu, na anavaa kofia nyekundu ili watoto wamwone kwa mbali. Kuna udongo wa kufinyanga na bembea za mnyororo. Saa nne wanapewa uji katika vikombe vya bati, na mchana wanalazwa kwenye mikeka.

“Wanalazwa?” nikauliza. “Na mwalimu anafanya nini?”

“Anawaangalia wakilala, wifi.”

Fikiria hilo. Mtu analipwa mshahara kuangalia watoto wakilala. Mimi wa kwangu alikuwa analala kwenye kivuli cha kichaka pembeni ya shamba, na aliyekuwa akimwangalia ni mbwa.

Mume wangu, ambaye ni karani wa vibarua wa barabara na huamini kwamba hakuna jambo asiloweza kulieleza, aliniambia nisione hayo nikadhani ni upendo. Alisema wenye migodi wamechoka kufundisha watu kazi halafu watu wanarudi kwao kila mwaka, kwa hiyo sasa wanataka mwanamume akae kule na mkewe na watoto wake. Huku kwetu mashamba ya mkonge yanamtaka mwanamume peke yake, amalize mkataba, apande lori, arudi. “Mtoto wa huku hayumo kwenye hesabu ya mtu,” akasema. Nadhani alitaka kunifariji. Nikamjibu kwamba maziwa yaliyotolewa kwa hesabu ni maziwa vilevile.

Nikaanza kutafuta silaha. Siku moja nilipokwenda Njombe kumwona mama yangu, nilipita zahanati ya misheni nikamuuliza sista mmoja, Mswidi, mama mwenye subira nyingi: kwenu mtoto huanza shule akiwa na umri gani? Akasema miaka saba. Saba! Nililibeba jibu lile mpaka Makambako kama mtu aliyebeba mayai. Wakati wa chakula nikalitoa polepole, nikamwambia Rahel kwamba hata Ulaya kwenyewe, kwa hao Waswidi, mtoto haendi shule mpaka atimize saba, kwa hiyo watu wa migodi wana haraka ya bure tu.

Rahel akatafuna, akameza. “Na kabla ya saba wanakaa wapi?”

Sikuwa nimeuliza.

Niliporudi Njombe nikauliza, na heri nisingeuliza. Sista akasema mama wa kwao anayefanya kazi kiwandani ana nyumba ya kumwacha mtoto kutwa, na wengine hukaa nyumbani wakicheza kwenye theluji, lakini serikali humpa kila mama fedha kwa ajili ya kila mtoto, tajiri na maskini sawasawa. Nikauliza: akifanya nini? Akasema: akiwa mama tu. Nikamshukuru nikatoka. Silaha yangu ilikuwa imenigeukia.

Bibi mmoja wa Kiingereza anayetufundisha kushona kwenye kilabu cha akina mama naye nilimuuliza, maana sasa nilikuwa siwezi kujizuia. Alisema kwao nyumba za kulelea watoto zilifunguliwa nyingi wakati wa vita, wanawake walipotakiwa viwandani. Vita vilipokwisha wanaume wakarudi, nyumba nyingi zikafungwa, wanawake wakaambiwa asanteni, nendeni mkapike. Alilisema hilo huku akikata uzi kwa meno, na kwa mara ya kwanza nikamwona naye ana hasira yake.

Nilirudi nikiwaza kwamba kila nchi ina sababu yake ya kumtazama mtoto mdogo, na mara nyingi sababu yenyewe si mtoto. Moja inataka shaba, nyingine ilitaka mabomu. Lakini angalau wanamtazama. Sisi huku mtoto anaanza kutazamwa siku mkono wake unapofika sikioni.

Maana ndivyo wanavyowachagua. Watoto wetu hawana vyeti vya kuzaliwa, wana misimu tu: huyu wa nzige, yule wa mavuno ya ulezi. Kwa hiyo siku ya kuandikisha, mwalimu humwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Akilishika, ni mkubwa, anapokelewa. Asipolishika arudi kuchunga. Awe anajua kusoma Zaburi nzima au hajui kufunga kaptula yake, si kitu. Mkono ndio unaosoma.

Sasa niseme nilivyojiponza.

Kwa watu wa mume wangu, ukikisifu kitu cha mwenzako mara moja, umekiona. Ukikisifu mara ya pili, umekipenda. Mara ya tatu umekiomba, na mwenye nacho asipokitoa ni mchoyo, na wewe ukikikataa umemtukana. Ndivyo baba mkwe wangu alivyopata beberu asiyemhitaji, naye akamlisha mpaka beberu akafa kwa uzee. Nimeolewa katika ukoo huu miaka yote hii na hilo nalijua kama ninavyojua njia ya kisimani.

Lakini wivu hausikii. Kila jioni, wakubwa wakiwa wameketi na ulanzi wao, ile pombe ya mianzi, mimi nilikuwa pale na ulimi wangu mchungu: wenzetu mna bahati, wifi. Tabita angezaliwa huko angekuwa mtu. Huyu wangu ataozea kwenye ulezi. Nilikuwa sisifu hata kidogo, nilikuwa nauma. Nilitaka Rahel aone haya kidogo kwa raha alizonazo. Lakini ukiyaandika maneno yale kwenye karatasi, kama ninavyoyaandika sasa, ni sifa tupu.

Mdomo uliponza kichwa.

Jumapili moja baada ya ibada Rahel aliketi kwenye mkeka, miguu pamoja, akajifunga kitambaa upya kichwani, akamwita mume wangu aketi. Akasema, “Kaka, wifi ameniomba, nami sina la kumnyima. Nimekubali.”

Nilidhani anazungumzia kile kitambaa cha kichwani. Nilikuwa nimekisifu pia. Nikaanza hata kutabasamu.

“Nitamchukua Tabita,” akasema. “Atakwenda nasare pamoja na Festo, na baada ya nasare shule. Tukija likizo nyingine mtamwona.”

Mume wangu alishukuru kwa mikono miwili. Shangazi ana sauti juu ya mtoto wa kaka yake, hilo hata huko nyuma halikuwa na ubishi, na hapa shangazi hakuja kudai, alikuja kutoa. Wote wakanigeukia waone furaha yangu. Nifanye nini? Niseme sikuomba? Basi nilikuwa nasema nini jioni zote zile? Niseme nilikuwa nakuonea kijicho, wifi, wala sikuwa nakusifu? Kuna mwanamke aliyewahi kusema hivyo mbele ya wakwe akabaki na pa kuficha uso?

Nilitafuta mlango nikaupata mmoja. Nikasema ni jambo jema sana, asante wifi, ila mwezi huu wanaandikisha Njombe. Tabita akipokelewa, si atakaa kwa mama yangu pale Mjimwema na kusoma hapa hapa nchini kwake? Asipopokelewa, basi ni mapenzi ya Mungu, aende. Wakakubali wote. Rahel pia alikubali, akasema shule ni shule. Nilijiona mjanja.

Tukaanza mazoezi jikoni. Kila siku nikimaliza kupika namsimamisha Tabita kwenye nguzo, kichwa sawa, mkono juu. Siku nyingine kidole cha kati kiliparaza ncha ya sikio, siku nyingine hakikufika. Watoto wana hila ya kuinamisha kichwa upande, na walimu wote wanaijua, kwa hiyo nilimzuia. Nilimvuta mkono kidogo kidogo kama mtu anayenyoosha kamba mpya. Festo alikaa kwenye kigoda akitutazama. Aliniuliza sikio linapimwa kwa nini. Nikamwambia, kwa ajili ya shule. Akafikiri. “Kwetu waliniuliza jina,” akasema. Nilimtuma kuni.

Ambacho sikukifikiri ni mazungumzo yao wakiwa wawili. Niliwasikia mara moja nyuma ya banda la kuku. Festo alikuwa anamweleza bembea: kwamba ukienda juu sana unaona moshi wa mgodi, na mwalimu mwenye kofia nyekundu anakusukuma mgongoni mpaka useme basi. Tabita aliuliza swali moja tu. Aliuliza kama anawasukuma na wasichana.

Jana alfajiri tukapanda lori la viazi kwenda Njombe. Baridi ilikuwa kali, nikamfunika kwa kanga yangu, kichwa chake kifuani kwangu. Tulipopita njia panda ya Wanging'ombe akauliza, “Mama, nisipofika sikio nitakwenda kwa shangazi?”

“Ndiyo,” nikamwambia. “Kwa hiyo unyooshe.”

Akajivutia kanga mpaka puani. Nikadhani ameogopa, na nikafurahi kwamba ameogopa.

Uwanja wa shule ulikuwa tope tupu. Watoto walipangwa mstari chini ya upenu, na sisi wazazi tukasimama mvuani, kila mmoja na uongo wake. Baba mmoja alikuwa anamkanda mwanawe kwapa kwa mafuta. Mama mmoja alimkata mtoto nywele pale pale kwa wembe ili kichwa kipungue unene, na mimi msomi wa darasa la sita nilimtazama nikajilaumu kwa nini sikuwaza hilo. Mwalimu mkuu alipita taratibu, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi, akiwashika watoto kidevu kwa vidole viwili ili kichwa kisilale upande.

“Kamwene, mama,” akanisalimu, maana ananifahamu. Akamgeukia Tabita. “Haya binti, shika sikio.”

Mkono ukapanda. Ukapita utosini. Vidole vikateremka upande wa pili, vikasimama juu ya sikio palipo na nywele. Vikabaki pale. Mwalimu alisubiri, alikuwa na huruma yule mzee, alisubiri kuliko alivyowasubiri wengine. “Nyoosha kidogo, binti.” Tabita alikuwa anatazama mbele, kwenye mlingoti wa bendera. Vidole havikuongezeka hata unywele.

“Mwakani, mama,” mwalimu akasema.

Sikulia pale. Nililia kwa mama yangu Mjimwema, nikilaumu mikono mifupi ya ukoo wa mume wangu. Mama yangu alinipa uji akaniambia mikono haina ukoo. Leo asubuhi tukarudi kwa lori lililobeba magome ya miwati, na njia nzima yalitunukia huku mvua ikitupiga. Tabita alilala. Au alifumba macho.

Rahel alitupokea mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kuona furaha usoni mwake, nilikuwa naihitaji, maana mtu akikufurahia kwenye huzuni yako unapata haki ya kumchukia. Hakufurahi. Alinifuata jikoni nilikokwenda kujifanya moshi unaniumiza, akachutama kando yangu akivunja vijiti.

“Utamwandikia Tabita?” akauliza.

“Nani atamsomea?”

“Festo anajifunza. Hata yeye atajifunza.” Akatupa kijiti motoni. “Festo hunisomea barua za kaka, wifi, lakini sijui kama anasoma au anatunga. Namtazama tu mdomo. Siku Tabita akifungua barua yako ndani ya nyumba yangu, mtakuwa mnazungumza nyinyi wawili, na mimi nimekaa pale pale sisikii kitu.”

Kumbe na yeye ana wivu wake. Nilipaswa kumwonea huruma, na baadaye nilimwonea. Lakini la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, lilikuwa raha. Raha ya moto kabisa, kama ya kumeza uji ule wa mama yangu jana.

Sasa lile lililonifanya niandike.

Kabla giza halijaingia nilimwogesha Tabita nyuma ya jiko, maji ya moto kwenye karai, maana alikuwa na tope la Njombe mpaka nyusi. Alikuwa amesimama, mkono wake wa kushoto umeshika bega langu asiteleze. Nilimsugua nywele kwa sabuni, povu likawa jingi, likateremka likaingia kwenye sikio la kushoto. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na mtungi. Akasema “aa” kwa kero, akanyanyua mkono wa kulia, akaupitisha juu ya utosi kama tulivyofanya jikoni kila siku, akalishika sikio lote kwenye kiganja na kulifuta povu. Kichwa sawa. Hakuinama hata kidogo.

Kisha akaniona nikimtazama.

Mkono ukashuka taratibu. Tulitazamana, mimi na mtungi wangu, yeye na povu lake. Ana macho ya baba yake, huwa hayajui kudanganya, kwa hiyo akayapeleka kwenye karai.

“Mama,” akasema, “maji yamepoa.”

Nikammwagia maji. Nikamfuta, nikampaka mafuta, nikamvisha. Sikuuliza, naye hakusema. Sasa amekaa na Festo karibu na moto wanachoma viazi, na mimi niko hapa mlangoni na mwanga huu wa mwisho.

Ningeweza kumwambia mume wangu sasa hivi. Jumatatu nikapanda lori, nikamsimamisha Tabita mbele ya yule mzee, nikasema, mwalimu, mpime tena. Angempokea. Rahel angerudi na mtoto wake mmoja. Tabita angekaa kwenye benchi na watoto walio wengi kuliko vitabu, akirudia a-e-i-o-u, na kila Ijumaa pengine ningemwona. Nimeipanga safari hiyo yote kichwani, hata nauli nimekwisha kujua nitaitoa wapi.

Lakini kila ninapoipanga naona vidole vile juu ya sikio, vimetulia, na macho yake kwenye mlingoti. Mtoto wangu alisimama mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mama yake, kwenye baridi ile, akajizuia. Mtu mzima asingeweza. Nilipokuwa nikisema kila jioni kwamba kule ndiko mtoto anakuwa mtu, nilidhani namchoma Rahel. Kumbe aliyekuwa akisikiliza ni mwingine, nyuma ya mlango, na kuku mkononi.

Nikimzuia, nitamzuia kwa wivu. Nikimwachia, ni wivu huo huo uliomfungulia mlango. Sioni njia yoyote hapa ambayo wivu wangu haukutangulia kuipita.

Na bado ninao. Nataka niseme kweli mpaka mwisho wa ukurasa. Ninamwonea wivu mwalimu yule wa kofia nyekundu ambaye sijamwona, kwa sababu atamsukuma mgongoni mpaka aseme basi. Ninamwonea wivu Rahel, kwa sababu tope litakuwepo hata Rodesia, na masikio yale atayaosha yeye. Inaniuma kuliko nasare, maziwa na vikombe vyao vya bati.

Sitasema habari ya sabuni kwa mtu yeyote. Nimeamua nikiwa nimeshika kalamu.

Lakini wataondoka mwisho wa mwezi, na kule nako kuna miezi ya baridi, Rahel mwenyewe amesema. Amesema pia kwamba kuna duka zuri la nguo za watoto kambini, nisijisumbue. Nimemwambia asante, wifi. Kisha nimefungua sanduku nikatoa uzi wa sufu wa buluu niliokuwa nimejiwekea mimi mwenyewe, na sindano zangu za misheni. Sweta la safari nitalifuma mimi, na dukani kwao hakuna mtu atakayetia mguu kwa ajili hiyo.

Watu wote huanza na mgongo. Mimi nitaanza na mikono, na nitaifanya mirefu.